Mkulo Mmoja wa Lutindi

Saa moja asubuhi ukungu wa Lutindi bado umelala juu ya bustani, na watu sita wamefungwa vitambaa machoni. Wamevua viatu, wameshikana mabega, wanaifuata sauti ya mwanamke mwembamba anayewaambia wasiharakishe, maana pua haikimbii.

Huyo ni Swaumu Isihaka, miaka 44, mtembeza wageni katika bustani ya mimea ya hapa kilimani, wilayani Korogwe. Wenzake huwatembeza watu kwa majina ya miti. Yeye ana matembezi ya harufu.

"Mimi nimezaliwa kambi ya wakata mkonge, Ngombezi," anasema. "Ukiamka mkonge, ukilala mkonge. Nilipofika huku nikanusa mchaichai na mrihani, nikadhani naota. Mpaka leo sijaamka vizuri."

Kila matembezi yanamwingizia shilingi elfu nane. Zamani alikuwa nayo mara nne kwa wiki. Tangu Februari ni mara moja tu, na hiyo moja nayo inategemea mti.

Mti wenyewe ni mkulo, unaonukia kama kafuri, na bustani nzima ina huo mmoja. Januari, Swaumu aliwaambia wageni kwamba wazee walikuwa wakichemsha gome lake kutibu kifua. Wiki iliyofuata akaukuta umevuliwa gome mzunguko mzima, umebaki mweupe kama mtu aliyenyang'anywa shuka usingizini.

Msimamizi wa bustani, Mzee Valerian, alimpunguzia matembezi hadi mara moja kwa wiki, akamwambia wangoje masika. Mkulo ukichipua kwenye mizizi, matembezi ya harufu yataendelea. Usipochipua utakatwa, na matembezi yatafungwa. Hii ni wiki ya mwisho ya masika.

"Nilisema dawa, sikusema adabu," anasema Swaumu.

Adabu ya huku ni kwamba gome huchukuliwa kipande kidogo upande jua linakochomoza, na kingine upande linakozama, halafu kidonda kinakandikwa udongo. Ukizungusha, umeunyonga mti.

Msafara unafika kwenye mkulo. Kafuri inawapokea kabla hawajaugusa. Wengine wanavuta pumzi na kutabasamu, kila mmoja kwenye ndoto yake, lakini bibi mmoja anasimama, anavua kitambaa, anautazama mti. Kisha anakaa chini taratibu.

Ni Bibi Maryamu, mkulima wa mihogo kutoka Mkata, Handeni.

"Mwanangu," anamwambia Swaumu, "mti huu nimeumenya mimi."

Anaeleza kwa sauti ya chini. Mjukuu wake alikuwa anabanwa kifua. Alikuja kwenye matembezi yale ya Januari, akasikia habari ya gome, akarudi peke yake na kisu cha jikoni. Hakujua kama anaua. Yeye maisha yake yote kamenya mihogo, na muhogo unaumenya wote, haujawahi kulalamika.

Swaumu anachuchumaa mbele yake.

"Mtoto alipona, bibi?"

"Kaponea hospitali. Hiyo dawa yako kaitapika yote."

Swaumu anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha anamwambia bibi waukandike udongo hivyo hivyo, hata kama wamechelewa. Wanapiga magoti, wanafukua majani yaliyooza, wanachota udongo mweusi kwa viganja.

Hatua nne kutoka kwenye shina, vidole vya bibi vinagusa kitu laini. Anaita. Swaumu anachuma jani moja dogo, analisugua kiganjani, anafumba macho, ananusa. Anampelekea bibi kiganja puani.

Kafuri.

Wanahesabu machipukizi matatu. Mzee Valerian anaitwa, anainama kwa shida, ananusa kiganja kile kile, anajifanya anakohoa. Halafu anauliza tu kama matembezi ya wiki ijayo ni Jumanne au Jumatano.

Swaumu sasa anataka kuanzisha matembezi mapya, ya adabu, ambapo mgeni atajifunza namna ya kuchukua gome kabla hajaambiwa mti unatibu nini. Ameshamwomba Bibi Maryamu aje awafundishe wageni wenzake pale pale kwenye mkulo.

Bibi amekubali, ila kwa sharti moja: yeye asifungwe kitambaa.

"Harufu yake naijua," anasema, akifuta udongo mikononi. "Sasa nataka niuone ukikua."