Misindano Iliyoegemea

Kutoka Tanga nilisafiri siku tatu. Basi la mwisho, kutoka Tunduma, lilinishusha Sumbawanga alfajiri, meno yakigongana kwa baridi, nikiwa na begi moja na cheti cha kidato cha nne. Nilidhani ningekaa wiki. Nilikaa miaka minne, nikipasua mbao na fundi mmoja mzee katika kijiji cha njia ya Matai. Yeye juu ya gogo, mimi chini, unga wa mbao ukiniingia machoni.

Hasira niliyo nayo mpaka leo inatokana na paa la kanisa la kigango chetu.

Kila familia iliombwa itoe mti mmoja wa msindano, yaani paini, kwa ajili ya kenchi za kubebea mabati. Zikatoa. Lakini kila moja ilitoa ule ulioegemea, uliolazwa na upepo ungali mchanga. Iliyonyooka ikabaki nyuma ya nyumba.

"Mwenyekiti, miti hii imelala," fundi alimwambia mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. "Mbao zake zitajikunja."

"Mti ni mti, fundi. Kunyoosha si kazi ya msumeno wako?"

Kamati ikacheka. Tukapasua.

Shuleni tulifundishwa auksini, homoni inayotengenezwa kwenye machipukizi na majani machanga, kisha hushuka chini ya gome na kuuchochea mti uunde mbao. Mengine nilisoma mwenyewe: msindano ukiegemea, homoni hiyo hujaa zaidi upande wa chini, na upande huo huunda mbao nene, nzito, nyekundu, za kuusukuma mti usimame tena. Ubao ukikauka, upande mwekundu hufupika kuliko mwingine, nao ubao hupinda. Wekundu huo niliuona katika kila gogo tulilopasua.

Paa likaezekwa, na kabla kiangazi hakijaisha mbao zilijikunja, mabati yakaanza kung'oa misumari. Baada ya misa fundi akaitwa mbele ya watu.

"Umetupasulia ovyo, mzee," mwenyekiti alimwambia.

Nikaleta kipande, nikawaonyesha wekundu, nikaeleza yote.

"Mgeni ametuletea homoni kanisani," mwenyekiti akasema. Walicheka hata wale waliotoa miti ile kwa mikono yao.

Fundi akiitwa mharibifu kwenye kigango kimoja, vigango vyote husikia, na hakuna atakayemwita tena. Kesho yake alikata misindano yake minane, iliyonyooka, aliyoitunza miaka yote kwa ajili ya nyumba yake. Alikuwa bado analala chini ya nyasi zinazovuja. Tuliipasua, tukaianika mpaka ikakauka vizuri, tukabadilisha kenchi zote.

Siku tulipopiga bati la mwisho, mwenyekiti alikuja, akatazama juu, akaridhika.

"Kumbe miti iliyonyooka ulikuwa nayo, fundi. Ulikuwa unatuficha."

Nilishuka ngazi nikiwa na nyundo mkononi.

"Iweke chini, mwanangu," fundi aliniambia. "Paa limenyooka. Inatosha."

Kwangu haikutosha. Niliiweka, nikamuaga, nikachukua begi langu. Njia ilipita nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Misindano yake ilikuwa pale, mirefu, na hakuna hata mmoja ulioegemea. Sijarudi tena.