Meno ya Kufanyiwa Utafiti

Juzi nilikuwa katika zahanati moja huku Msambweni, degree yangu ndani ya bahasha, nikiomba hata kazi ya ukalimani kwa watafiti wa meno ya bandia. Wakaniambia, "We'll call you." Nikabaki kwenye benchi.

Akaitwa bibi mmoja wa Munje, kibogoyo, mwalimu wa madrasa. Watafiti walikuwa wamempa meno ya plastiki mpya ili waone yatachakaa vipi. Daktari kijana, mtu wa bara, akayapokea, akayageuzageuza, akakunja uso.

"Shosho, hizi ulikuwa unavaa kweli?"

"Nilikuwa nayavaa, mwanangu, nikisomesha watoto Qur'ani. Wakati wa kula nikiyavua, nisije nikayaharibu. Ni amana ya watu."

"But the whole point was chewing! Hakuna data hapa."

Akayatumbukiza kwenye kikopo, akakifunika. Bibi alikuwa bado amekinga kiganja arudishiwe.

"Hizi zinarudi lab, shosho. Study imeisha."

Bibi akavuta ncha ya leso, akaziba mdomo. "Na kesho watoto nitawatamkishaje?"

Wasomi wenzangu, mnatufundisha tuogope sukari isitutoboe meno, lakini hakuna aliyemwambia bibi huyu kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba meno ameazimwa ayatafunie mpaka yalike. Kuyatunza ndilo kosa lake.

Daktari akampa mswaki mpya, zawadi ya kushiriki. Bibi aliupokea kwa mikono miwili, leso ikaanguka, akainamisha kichwa kushukuru bila ya kufungua mdomo.