Kanga za Bibi kwenye Jumba la Mwingereza

Harufu ya udi ikikutana na nta ya mbao hunirudisha kwenye sebule moja kubwa, nje kidogo ya mji wa Lanham, Marekani, siku aliyoolewa Shangazi Salma. Nilikuwa na miaka tisa.

Jumba lile lilijengwa zamani na Mwingereza aliyetaka lifanane na la kwao: matofali mekundu, madohani marefu, ngazi za kuteremkia maharusi. Siku hizi hukodishwa kwa sherehe. Msimamizi wake, mzee wa Kimarekani mwenye tai ya kipepeo, hakumwacha mgeni aketi kabla ya kumweleza picha za wenye nyumba zilizotundikwa ukutani. Bibi yangu, aliyekuja kutoka Unguja kumwoza bintiye, hakujua Kiingereza, kwa hiyo mimi nikawa mkalimani. Mwenye ndevu ndiye aliyevuka bahari akajenga. Kijana mwenye farasi ni mwanawe, aliyecheza kamari mpaka shamba likakaribia kupotea. Mama mwenye nguo nyeusi ni mjane wa huyo kijana, aliyelinusuru kidogo kidogo.

Bibi alisikiliza kama anayepewa habari za majirani. Kisha akauliza, "Na waliowapikia na kuwafulia hawa, wako wapi?"

Nilipofasiri, mzee alikohoa. Akasema walikuwa watumwa, na hakuna aliyewachora.

Bibi alizitazama tena zile picha, moja baada ya nyingine. Halafu akatamka lililotutia hofu sote: ndoa ya mwanawe haifungwi humo, macho yote yale yakimkodolea. Malaika hawaingii penye picha. Baba alimsihi, biriani ilikuwa imeshafika, sheikh yuko njiani, na Shangazi ghorofani alikuwa ameanza kulia, wanja ukimchuruzika. Msimamizi naye alikataa katakata kuteremsha picha hata moja.

"Nani kasema ziteremshwe?" Bibi akauliza. "Hebu nileteeni ule mfuko."

Ndani yake mlikuwa na kanga za kuwatunza wageni, zilizofukizwa udi tangu jana yake. Nilidhani angechukua zilizo juu. Wapi! Alizikunjua moja moja, midomo ikicheza kwa kusoma, huku Baba akichungulia dirishani. Mwenye ndevu alifunikwa na *Mgeni njoo, mwenyeji apone*, na Bibi akaguna. Kijana wa kamari akapata *Majuto ni mjukuu*. Mjane akapewa *Subira yavuta heri*, tena Bibi akainyoosha pindo vizuri, kama anayemvisha mtu.

Akabakiwa na moja mkononi. Aliitundika kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni.

"Mama, hapo hapana picha," Baba akamwambia.

"Naona," Bibi akajibu, akapanda ghorofani kumfuta Shangazi machozi.

Ndoa ikafungwa. Sisi watoto tulicheka kwa siri, kwa Kiingereza chetu: Bibi kazeeka, anafunika ukuta.

Mwaka jana nilirudi pale kwenye harusi ya binamu yangu. Picha zilikuwa wazi, na msimamizi mpya alitusimulia: mwenye ndevu, mcheza kamari, mjane. Tulipofika mlango wa jikoni alisimama, akapunguza sauti. Kanga ya Bibi ilikuwa bado pale, imepauka, harufu yake imekwisha. Mpwa wangu alinivuta mkono, akauliza imeandikwa nini.

"*Wema hauozi*," nikamwambia.

Akataka kujua ni ya nani. Nikamweleza kuwa ni ya waliopika na kufua humo, na safari hii sikucheka.