Tanki, Ndoo na Analyse ya Félicité

Siku ya kwanza ya kazi nilifika ku mulango ya atelier, karakana ya chaudronnerie, na viatu ya kuazima. Chaudronnerie, kwa ninyi vijana musiojua, ni kazi ya kukata, kukunja na kuunganisha tole nene, mabati ya chuma: matanki, mabomba, macheminée ya moshi. Lubumbashi nzima ilikuwa inakula juu ya compagnie ya mine, kampuni ya kuchimba shaba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na masomo yangu iliishia primaire ya tatu. Contremaître, mukubwa ya atelier, hakuomba makaratasi. Alitazama mikono.

"Unajua kusoma?"

"Kidogo, chef."

"Unajua kufagia?"

"Sana."

"Basi anza na ile unajua."

Nilifagia miezi sita. Na ile wakati fundi hakufundisha mutu. Chef d'équipe, mukubwa ya kikundi, akitaka kuchora juu ya tole mahali pa kukata, aligeuza mugongo ili musione. Kama ulitaka kazi, uliiba na macho. Mimi niliiba yote.

Mwaka ya ine banituma Sakania, ku mupaka, fasi treni zinapita kuingia Zambia. Tulienda kuweka tanki ya mazutu, mafuta ya dizeli, tanki ya kulala, kama pipa kubwa iliyoanguka ubavu. Contremaître akaniachia kazi ya jauge. Jauge ni fimbo ya chuma yenye alama: unaitumbukiza mu tundu ya juu, unaitoa, unaona mafuta imebaki kiasi gani. Nikasema, hii ni rahisi. Nikagawa fimbo sawasawa, alama kumi, kila moja mbali na mwenzake kipimo kimoja. Kazi safi. Nilijivuna mbele ya bote.

Haikupita mwezi. Jauge ilisema kumebaki sehemu moja ya kumi. Locomotive ikaja kujaza, ikapata nusu ya ile tu, ikalala mu njia siku mbili. Contremaître alipanda treni yeye mwenyewe.

"Monga! Nani alikufundisha kama tanki ya kulala iko sawa na kopo ya kusimama?"

"Hakuna mutu alinifundisha, chef."

"Ninaona."

Alitengeneza fimbo mupya yeye mwenyewe. Alimwaga maji mu tanki ndoo kwa ndoo, na kila ndoo kumi alitia alama. Mimi alinituma kuchota maji, ili nisione. Lakini mwenye kubeba ndoo njo mwenye kuzihesabu! Mangaribi nilichungulia ile fimbo. Chini, alama ziko mbali mbali. Katikati zinakaribiana. Juu zinaachana tena. Nikaelewa: tanki ya kulala ni nyembamba chini, pana katikati, nyembamba tena juu, kwa hiyo ndoo moja haipandishe maji sawa kila fasi.

Toka ile siku majauge yote ilikuwa yangu. Nikapanda: soudeur mwenye kuchomelea chuma, chef d'équipe, mwisho contremaître mimi mwenyewe. Baingénieurs wenye diplôme balikuja kuniuliza, "Monga, jauge iko tayari?" Sikupigia mutu magoti. Na batoto yangu niliwaambia kila siku: mu hii nyumba batu habalombake, habaombe mutu kitu.

Kisha miaka ya tisini ikaja. Mji iliporwa, mashimo ya mine ikajaa maji, mishahara ikakatika. Tole za paa ya atelier yetu ziliondoka moja moja mpaka tukafanya kazi chini ya mvua, na mwisho hakukuwa kazi tena. Nilihamisha nyundo yangu ku parcelle, kiwanja yangu ya Naviundu. Nikatengeneza mbabula, majiko ya makala, nikatengeneza matanki ya bafanyabiashara ya Kivu wenye malori. Tulikula.

Mu ile shida yote, mutoto yangu ya pili, Félicité, alikuwa université, mwaka ya kwanza ya polytechnique, masomo ya baingénieurs. Wa kwanza mu ukoo yetu yote. Lakini ule mwaka alikuwa anaurudilia, na sheria ilikuwa wazi: ukishindwa mara ya pili, unatoka, kwisha. Mu session ya kwanza ya mitihani alipita masomo yote isipokuwa analyse, ile hesabu ya vitu vinavyobadilika, yenye madérivée na maintégrale. Alipata ine juu ya makumi mbili. Ilibaki seconde session, mitihani ya kurudilia, mbele ya wiki tano. Mama yake njo aliniambia, juu mutoto aliniogopa.

Nikamwita.

"Félicité, intégrale ni nini?"

Akasema Kifaransa, ukurasa muzima, bila kupumua, kama litania. Ba étudiants banaita ile kubloquer: unameza syllabus, kitabu ya somo, na koma zake, kisha mwalimu anabadilisha namba moja tu, unakufa.

"Sasa unielezee mu Kiswahili, kama vile unaelezea mama yako."

Akafungua syllabus, akatafuta ukurasa.

"Juu ya nini haukuuliza ku Assistant, musaidizi ya professeur?"

"Papa, weye njo ulisema batu habalombake."

Ile neno ilikuwa yangu mwenyewe. Nikaenda kupangusa viatu.

Kesho yake nilienda campus na miguu. Professeur wa analyse alikuwa amekimbilia ngambo, aliacha syllabus tu. Alibaki Assistant yake; nilimukuta mu auditoire, chumba kubwa ya masomo, kijana mwembamba mu veste, koti kubwa, hajalipwa sijui toka lini.

"Papa, kila samedi, kila Jumamosi asubuhi, miye niko humu mu auditoire na craie yangu, chaki. Nilibandika tangazo. Hakuna mutu anakuyaka, ninaingia peke yangu."

"Ni ya kulipa?"

"Ni bure."

"Sasa juu ya nini habakuye?"

"Banaita hii samedi yangu dispensaire, zahanati. Banasema mwenye kukuya iko mugonjwa, hataona mwaka ya pili. Kila mutu anaogopa kuonekana ku mulango."

Nikarudi nyumbani.

"Félicité, samedi tunaenda dispensaire."

"Papa! Nitakufa na haya."

"Utakufa nyuma yangu. Mimi ninaingia wa kwanza."

Habari ikatembea mbele yetu. Ile samedi balikuya karibu makumi mbili, si kujifunza, ila kuona muzee. Nikaikala ku banc, benchi ya mbele, Félicité pembeni yangu ameinamisha kichwa. Nikanyoosha mukono.

"Monsieur l'Assistant, mimi ni Monga, chaudronnier. Intégrale siijui. Unifundishe."

Bakacheka. Mumoja nyuma akapaza sauti: "Papa Monga, bleu wa mwaka!" Bleu ni mwanafunzi mupya.

"Cheka, mutoto. Weye unaijua? Kuya hapa ku tableau, uandike."

Hakukuya.

Assistant akachora duara, akalikata na mistari ya kulala, vipande vyembamba vyembamba. Akasema tutafute eneo ya kila kipande, tuzijumlishe toka chini mpaka juu. Nikatazama. Nikasimama.

"Lete craie. Hii ni tanki ya kulala."

Niliwaelezea jauge: ndoo, alama, juu ya nini ziko mbali chini na karibu katikati. Kicheko kikakatika. Assistant akaikala juu ya meza.

"Papa, ile unafanya na ndoo, shiye tunafanya na kalamu. Tofauti ni moja: ndoo yetu iko kidogo."

"Kidogo kama kikombe?"

"Kidogo zaidi."

"Kijiko?"

"Zaidi, papa. Mpaka karibu haiko."

"Basi hautajaza tanki mpaka Yesu arudi!"

Auditoire nzima ikalia na kicheko, lakini mara hii hawakunicheka mimi. Na Félicité akasimama. Mikono yake ilishika banc.

"Monsieur l'Assistant, pale njo minapoteaka. Toka mwaka jana. Kama ile ndoo karibu haiko, namna gani inajaza tanki?"

Assistant akamtazama kama mutu aliyengojea ile neno miaka. Alijibu muda ya saa mbili. Vipande vikipungua unene, idadi yao inaongezeka, na jumla inaenda kusimama fasi moja, haiipite. Alichora, akafuta, akachora tena. Mara ile yule aliyenicheka akanyoosha mukono naye, akauliza.

Samedi zilizofuata sikuingia tena, nilikuwa na kazi. Félicité alienda peke yake. Wiki ya tatu Assistant akamupa devoir, kazi ya nyumbani: apige hesabu ya jauge ya tanki niliyokuwa ninamaliza mu parcelle, tanki ya ndoo mia mbili, alama kila ndoo kumi. Akaikala na cahier, daftari yake, pembeni ya fimbo yangu, akapima, akapiga hesabu, akapima tena.

"Papa, fimbo yako iko na kosa."

"Fimbo yangu?"

"Toka alama ya nane kupanda. Alama za chini na za juu zinapashwa kufanana, kama vile unatazama mu kioo. Zako hazifanane. Kati ya saba na nane ulimwaga ndoo kumi na moja."

"Mimi nilikuwa ninatengeneza majauge mbele sijamuona mama yako!"

 Alinipatia ndoo.

Tukatoa maji yote, tukamwaga upya, sisi wawili, asubuhi nzima, yeye anahesabu kwa sauti. Alama saba za kwanza, sawasawa. Kisha ndoo kumi. Maji ikasimama chini ya alama ya nane, karibu nusu ya unene ya kidole.  Kisha nikachukua tupa, nikakwangua alama zote toka ya nane mpaka juu, nikatia zingine. Mama yake alisimama mu mulango, akauliza sababu gani ninaimba.

Siku ya proclamation, kutangaza majibu ya mitihani, secrétaire wa jury anasoma majina mbele ya bote: kwanza wenye distinction, alama za juu, kisha satisfaction, wenye kupita tu, mwisho wenye kushindwa. Mu distinction hakukuwa Félicité. Mama yake akanishika mukono, akaanza kuomba Bikira Maria. Mu satisfaction, jina ya tatu: Monga Félicité. Analyse, kumi na ine.

Leo mikono yangu inatetemeka, nyundo nimewaachia bengine. Matanki yangu mingi bamekata, bakauza chuma. Félicité ni ingénieur. Batu banasema muzee Monga anajivuna, na ni kweli, nina haki. Lakini vijana, musikilize: kazi zote nilizojua niliziiba, na iliniletea locomotive kulala mu njia. Kitu nilicholomba mbele ya batu ni kimoja tu mu maisha yangu. Hakuna siku nilitembea na kichwa juu kama ile ya majibu yake.

Kwetu, mwenye kupita mitihani banamumwagia poda nyeupe. Félicité alinyang'anya kopo ku mama yake, akamwaga nusu juu ya Assistant, nusu juu yangu. Nikarudi na miguu, toka campus mpaka Naviundu, kupita katikati ya mji, kichwa na mabega nyeupe pe. Ku njia bamama ya soko banasimama, banauliza: "Papa, na weye ulipita nini?"

Niliwajibu bote, mumoja mumoja: "Analyse."