Kidawa, muuguzi anayezigombeza filamu za visu

Saa tisa alasiri, ukumbi wa harusi kusini-magharibi mwa Houston umefungwa mapazia. Kwenye skrini, msichana anakimbia msituni roho mkononi. Muuaji mwenye kinyago anamfuata taratibu, kwa mwendo wa mtu aliyeshiba biriani.

"Mtazameni," inasema sauti ya mwanamke kwenye maikrofoni. "Huyu anakwenda mbio, yule anatembea. Na bado atamkamata! Msiniulize vipi."

Msichana anaanguka.

"Haya! Njia nyeupe, haina hata kokoto. Kajikwaa na nini, kivuli chake?"

Ukumbi unaangua kicheko. Sauti hiyo ni ya Kidawa Abdulhafidh, 43, mzaliwa wa Unguja na muuguzi wa kitengo cha dharura katika hospitali moja ya Mesquite. Siku zake za mapumziko huendesha gari hadi popote walipo Waswahili wa Texas, akawatafsiria filamu za kutisha papo kwa papo, na kuzikosoa bila huruma.

Alianza sebuleni kwake miaka sita iliyopita, kwa ajili ya mama mkwe wake ambaye hakujua Kiingereza.

"Kila mara ananiuliza, 'Mwanangu, mbona hawa hawawashi taa?' Na mimi nikaanza kuwagombeza. Kweli, mbona hawawashi? Nyumba yao, umeme wao!"

Majirani walisikia vicheko, wakaja na viti vyao. Sebule ilipojaa, mwandaaji mmoja akaanza kuyapeleka maonyesho kumbini.

Lakini kuna kosa moja ambalo Kidawa halifanyii mzaha. Kila mhusika anapochomoa kisu mwilini mwake na kuendelea kukimbia, yeye husimamisha filamu.

"Usikichomoe!" huwaambia watazamaji. "Hicho kisu ndicho kizibo. Ukikitoa, damu yote inamwagika. Kiache hapo hapo, kisitikisike, piga 911."

Si wote waliopenda. Mwaka jana mwandaaji huyo alimtaka aache mambo ya hospitali.

"Aliniambia watu wamekuja kuogopa, hawakuja darasani. Nikamwambia basi tafuta mwengine." Akatafuta kweli. Kwa miezi kadhaa Kidawa hakuitwa popote. "Nilikaa ndani nikajiona mjinga. Nikasema labda najipa umuhimu nisiokuwa nao."

Ndipo likatokea la Mwita.

Mwita ni fundi magari kutoka Kenya, anayefanya kazi kwenye gereji moja Haltom City, na aliwahi kuhudhuria maonyesho ya Kidawa. Siku hiyo bisibisi ndefu ilimponyoka ikamzama pajani. Mwenzake Dady, Mkongomani, alikimbilia kuishika ili aivute.

"Nikapiga nduru, 'Wacha! Usichomoe! Kidawa amekataa!'" anasimulia Mwita, ambaye leo ameketi mstari wa mbele. "Dady ananiuliza, 'Kidawa ni nani, bibi yako?' Nikamwambia wewe ita ambulensi kwanza, hizo zingine nitakuexplainia baadaye."

Bisibisi ilibaki pajani hadi chumba cha upasuaji. Daktari alimweleza kwamba ilikuwa imetoboa mshipa mkubwa wa damu; kama ingevutwa pale gereji, huenda asingefika hospitali akiwa hai.

Alipoanza kutembea kwa magongo, Mwita aliomba apelekwe Mesquite kumwona Kidawa.

"Alinionesha kovu, nikalia pale mlangoni kama mtoto," anasema Kidawa. "Nimeuguza watu wengi, alhamdulillahi. Lakini huyu kapona kwa maneno yangu, na mimi mwenyewe sipo! Wallahi, siku ile nilitembea kichwa juu."

Habari zilienea, na mwandaaji akapiga simu mwenyewe kuomba radhi. Onyesho la leo kaliandaa yeye huyo huyo.

Kwenye skrini kijana anachomwa kisu begani, anakishika mpini akichomoe. Kabla Kidawa hajafungua mdomo, ukumbi mzima unapaza sauti: "Usikichomoe!" Anayesikika zaidi ni Mama Véronique, bibi wa Bukavu, aliyesimama kabisa kitini pake. Kidawa anavua miwani na kufuta macho.

Sasa anaandika filamu yake mwenyewe, anayotarajia kuipiga katika nyumba ya rafiki yake huko Mansfield. Wahusika wake ni familia ya Waswahili. Wanawasha taa, hawatengani, wanaita polisi mapema.

"Tabu ni kwamba muuaji wangu anakamatwa hata chai haijapoa," anasema akicheka. "Mume wangu ananiambia, 'Mfanye basi mmoja awe mpumbavu.' Nimekataa katakata. Nataka kuwatisha watu wenye akili zao timamu. Bado sijajua vipi, lakini nitajua."