Pikapu Aliyoichagua Binti wa Mjomba

Kazi yetu, mimi na mume wangu, ni kuvuta maboti. Wenye maboti ya kitalii wa Malindi na Watamu wakitaka chombo kizibwe nyufa au kipakwe rangi, hutuita. Tunateremsha tela majini, boti linapanda juu yake, kisha tunalivuta hadi karakana. Mume wangu ndiye anayeingia majini na kamba. Mimi ndiye ninayeshika usukani. Nilijifunza kurudi nyuma na tela nikiwa na mimba ya kifungua mimba wetu, na tangu hapo sijamwachia mtu kiti hicho.

Pikapu yetu ya zamani ilikufa klachi katikati ya mteremko, boti likiwa nyuma na maji yakijaa. Trekta la jirani ndilo lililotuokoa. Tulipofika nyumbani Mambrui sote wawili tulijua kwamba safari hii si ya kutengeneza, ni ya kununua nyingine.

Mimi nilikuwa nimeshaichagua moyoni. Ilikuwa ya milango minne, ya gia otomatiki, imeegeshwa kwa muuza magari mjini Malindi, inang'aa kama imepakwa samli. Watoto wangekaa nyuma kwa raha. Injini yake ilisifiwa na kila mtu kwa nguvu za kuvuta.

"Tusiharakishe," mume wangu akasema. "Twende kwanza Mariakani tukamuulize binti wa mjomba."

Binti wa mjomba wake anasafirisha ng'ombe wa maziwa kwa tela lake mwenyewe, na anajua magari ya mizigo kuliko wanaume wengi wa barabara ile. Hilo silikatai. Lakini kabla sijaolewa mimi, mama mkwe alitaka mwanawe amuoe yeye, binti wa kaka yake, na wazee walikuwa wamefika mbali katika mazungumzo hayo. Mume wangu hukumbuka jambo lile kwa kicheko. Mimi hulikumbuka bila kicheko.

Tulimkuta uani kwake, amejifunga leso kiunoni juu ya dera, anaosha tela kwa mpira wa maji.

"Wifi! Karibuni, karibuni. Mmenipa mgongo miaka yote hii, leo mmekumbuka njia?"

Wifi. Kila akilitamka neno hilo nilihisi ananikumbusha kwamba angeweza kabisa kuwa kitu kingine. Alituandalia chai ya maziwa mazito na mahamri, na kabla sijamaliza kikombe, yeye na mume wangu walikuwa wamelala chali chini ya pikapu yake, wanaonyeshana kwa vidole na kuambizana mambo ya springi na chesisi. Nilibaki nimesimama na mkoba wangu, nikitazama miguu yao minne ikitokeza upande mmoja. Mume wangu alicheka kicheko ambacho nyumbani hakitoki ila kwa nadra.

Pikapu yake ilikuwa mbaya kwa sura. Ndefu, nzito, ya kebini moja, vyuma vitupu, viti vya plastiki vinavyounguza mapaja. Alipotuambia tupande tuionje barabarani, mume wangu alinyanyua mguu aingie akae katikati.

"Nitakaa mimi katikati," nikasema.

"Utabanwa na gia, wifi."

"Nitabanwa."

Basi nikabanwa. Tela lilikuwa na ng'ombe wawili wa kupelekwa Kaloleni, na barabara ile ni vilima vitupu. Kila akibadilisha gia mkono wake ulinigonga goti. Wakati wa kupanda, pikapu ilijikokota polepole hadi nikaona aibu kwa niaba yake.

"Haina mbio," nikasema, nikifurahi kupata la kusema.

"Haina," akajibu. "Lakini kupanda siyo shida, wifi, kila injini siku hizi inapanda. Ngoja tushuke. Mzigo ukianza kukusukuma mgongoni ndiyo utajua gari lako lina uzito gani."

Tukashuka. Aliweka gia ndogo, akaondoa mguu kwenye breki kabisa, na pikapu ikatambaa na ng'ombe wake kana kwamba iko tambarare. Mume wangu alinitazama aone kama nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa. Nilitazama mikorosho dirishani.

Nilirudi Malindi nimekaza uzi. Nilimwambia mume wangu hatununui kitu kwa maneno ya mtu, tuijaribu na ile ya kwangu. Muuza magari akakubali, tukafunga tela, nami nikapanda.

Ilipandisha boti mteremkoni kama inavuta kitanda cha kamba. Nilimpungia mume wangu mkono kupitia dirishani, nikacheka peke yangu. Nilisema ndani ya nafsi yangu, mwache yule akae na ng'ombe wake.

Kisha ikabidi kulirudisha boti majini. Nilikuwa nusu ya mteremko, kinyumenyume, nilipokanyaga breki na pikapu isisimame. Tela lilikuwa linaivuta. Matairi yaliteleza juu ya saruji yenye ukoga wa bahari, kichwa cha gari kikageuka upande, nami nikamwona mume wangu kwenye kioo, amesimama ndani ya maji nyuma ya boti. Nilipiga honi, nikapiga kelele. Alijitupa pembeni. Tela likaingia majini lenyewe, likakwama mchangani, na hapo ndipo gari nalo likasimama.

Alikuja dirishani ametota hadi kichwani. Hakunigombeza.

"Umeumia?" akauliza.

"Mpigie binti wa mjomba wako," nikamwambia. "Mwambie atutafutie kama yake."

Alimpigia palepale, mikono ikimtiririka maji. Nilisikia sauti yake ikishangilia ndani ya simu, na nikatamani kuirudisha kauli yangu.

Tunayo sasa. Inafanya kazi, wala sina la kuilaumu. Mama mkwe kila akipanda hupapasa kiti na kuniambia, "Binti yule wa kaka yangu ana jicho," na mimi hujibu, "Ndiyo, mama," na kukaza mshipi.

Idi iliyopita binti wa mjomba alikuja kutuamkia. Kabla hajavua viatu alikuwa ameizunguka pikapu, akamuuliza mume wangu inavutaje.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Mimi siiendeshi."

Akanigeukia. Alitaka kujua ninashukaje pale kwenye ukoga, naweka gia gani, tela nalifunga na uzito mbele au nyuma. Yeye hajawahi kuteremsha kitu majini. Nikamweleza. Akaniuliza tena, nikachora kwa kijiti mchangani, tukainama pamoja hadi mama mkwe akatuita mara ya pili, pilau inapoa. Nilikuwa nimefurahia mazungumzo yale kuliko yoyote niliyofanya mwezi mzima, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mezani alikaa karibu na mume wangu. Nikavuta kiti changu nikaketi kati yao.