Herufi H ya Bhajia

Kila tarehe tisa Juni, saa saba mchana, mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tukila katika mgahawa mdogo wa Kihindi, mtaa wa pili kutoka sokoni hapa Tabora. Tarehe hiyo niliichagua mimi. Ndiyo siku niliyokabidhiwa cheti changu cha kidato cha nne, nikiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, baada ya kuanza darasa la watu wazima nikiwa na arobaini na mmoja, siku ya Jumatatu, mvua ikinyesha. Mtu aliyechelewa kusoma huzitunza tarehe zake kama wengine wanavyotunza vyombo vya harusi.

Mgahawa una meza nne na dirisha moja. Mwenye nao ni mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa mjini, rika langu, na hupika mwenyewe. Mume wangu, mtu wa reli, alianza kula hapo kabla hajanioa. Kwa hiyo kazi ya kuagiza ilikuwa yake. Orodha ya vyakula hakuigusa. Alisimama mlangoni akatamka, "Bhajia!" kwa kupuliza, kama mtu anayezima kibatari, nami nikadhani ni madoido yake tu.

Tarehe tisa Juni ya kwanza baada ya kufiwa niliamka nikiwa nimekwisha kuamua: nitakwenda. Nilijua kwamba nikiikosa mara moja tu, ile meza ya dirishani haitakuwa yetu tena, na tarehe yangu itakuwa siku kama siku nyingine. Nilimwalika shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mkulima wa tumbaku kutoka Usoke. Alikuja kwa treni, akamwamkia mwenye mgahawa, "Shikamoo mama," na kabla marahaba haijamalizika akawa amekwisha kuketi.

Ndipo nikaishika orodha kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kipande cha kadi ngumu, kimeandikwa kwa mkono, wino wa buluu. Nikasoma: bhajia za viazi, bhajia za vitunguu, bhajia za pilipili, bhindi, bharto. Nikasoma tena. Kiswahili kina dh, kina gh, kina th, bh hakina. Mimi ni katibu wa kwaya ya akina mama kanisani kwetu, na mkobani sikosi kalamu nyekundu ya kupitia kumbukumbu za vikao. Nikaitoa. Nikazikata zile h moja baada ya nyingine, tano kwa jumla, kwa mstari ulionyooka.

Mwenye mgahawa alipofika na jagi la maji, aliiinamia kadi.

"Umefanya nini, dada?"

"Nimesahihisha. Bajia haina h."

"Huo ni mwandiko wa baba watoto wangu," alisema. "Ana miaka sita kaburini. Wino ukififia, napitisha kalamu juu ya herufi zake, zisipotee. Wewe umezikata."

Akaichukua kadi na kurudi jikoni. Jagi aliliacha.

Nikaifunika kalamu, nikairudisha mkobani. Nyumbani kwangu koti la mvua la mume wangu bado linaning'inia kwenye msumari wake, na siku mjukuu alipotaka kulifua nilimfokea. Ni mimi huyo niliyekuja na wino mwekundu katika msiba wa mwenzangu.

"Shemeji," akaanza mgeni wangu, akijimiminia maji, "marehemu wa kadi umempa alama ngapi?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Maana nimetoka Usoke alfajiri kuja kula, na naona leo tutakula masahihisho."

Njia zilikuwa mbili: mlango wa barabarani na mlango wa jikoni. Mimi si mwepesi wa kuomba radhi, wanaonijua wanajua. Lakini wa barabarani ulikuwa na maana ya kutorudi. Nikasimama, nikaenda jikoni.

Alikuwa amenipa mgongo, mafuta yakichemka mbele yake.

"Dada, nimekosa," nilisema. "Sikujua ni mkono wa nani. Na hiyo h, kama ina kazi, nifundishe."

Alipogeuka, alikuwa na unga wa dengu mpaka kwenye kiwiko.

"Weka kiganja mbele ya mdomo. Sema bhajia. Upepo upige mkono."

"Bajia."

"Hakuna kitu. Tena."

"Bajia."

"Wewe si Mnyamwezi? Ukiulizwa habari za nyumbani unajibuje?"

"Mhola." Yaani salama, jibu nililolijua kabla ya kujua kutembea.

"Ehee! Na mhola inaandikwaje, katibu?"

Nikaitaja: m, h, o. Hapo nikakoma.

"Mbona hiyo hujaikata?" Macho yake yalikuwa yameanza kucheka. "Yenu mnaipitishia puani, yetu inatoka mdomoni. Upepo ni upepo!"

"Amekupata!" shemeji akapaza sauti kutoka mezani.

Nikavuta pumzi, nikafikiria kibatari. "Bhajia!" Upepo ukanigonga kiganjani, na sauti niliyoisikia jikoni mle ilikuwa ya mume wangu, na madoido yake yote. Miaka ile yote alikuwa akiitamka sawasawa. Nikacheka mpaka nikashika ukingo wa meza, na mwenzangu akacheka kwa kuniona, akanifuta machozi kwa upande wa mkono usio na unga.

Tulikula mpaka saa tisa. Bhajia zilikuja zikiwa bado zinalia kwa mafuta ya moto, na chatini ya ukwaju. Kisha bamia, ambazo ndizo bhindi, na bilingani za kuchoma, ambazo ndizo bharto, na achari ya maembe ya hapahapa Tabora iliyomtoa shemeji jasho la upara. Alikula sahani mbili, akatangaza kwamba masahihisho yamekolea chumvi.

Mwisho mwenye mgahawa aliniletea kadi pamoja na ile kalamu yake ya buluu. "Zirudishe," alisema. Wino mwekundu haufutiki, kwa hiyo niliandika kila h juu ya iliyokatwa, nikiufuata mwandiko wa mumewe, polepole kuliko nilivyoandika mtihani wowote. Alisimama nyuma yangu akinielekeza: mkia wa h yake huinama kidogo kulia.

Kadi hiyo hukaa meza ya dirishani mpaka leo. Tarehe tisa Juni mwaka huu, saa saba kamili, nilisimama mlangoni nikaagiza kabla ya kuketi. Sauti ikatoka jikoni:

"Rudia, dada! Upepo haujanifikia!"